Taa Zinawaka, Gari Haliwaki

Gari likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutolewa kabla hata boneti halijafunguliwa. Jirani mmoja atasema ni betri, mwingine stata, na wa tatu atakumbuka kuwa gari la shemeji yake lilifanya hivyo hivyo na ikawa pampu ya mafuta. Ubaya ni kwamba kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, na jibu linaloweza kuwa sahihi hununuliwa haraka. Jioni mwenye gari ana betri mpya, plagi mpya, na gari lile lile limesimama pale pale. Ninachodai hapa ni kwamba hasara hiyo haitokani na ugumu wa magari. Inatokana na kurukia kifaa kabla ya kujibu swali moja la mwanzo: ukipiga stata, injini inazungushwa au haizungushwi?

Swali hilo linagawa makosa yote mafungu mawili. Injini ikizungushwa kwa kasi yake ya kila siku ila haishiki, basi betri, terminali na stata zimeshajitetea zenyewe, na anayeng'ang'ania kuzibadilisha anatupa fedha. Isipozungushwa, plagi na petroli haziwezi kushtakiwa, kwa sababu zamu yao haijafika. Hata kabla ya hapo yapo mambo ya dakika moja: gari la otomatiki halipokei stata kama gia haiko kwenye P au N, na lenye kitufe husubiri breki ikanyagwe. Tahadhari moja ni kwa gari lililopita kwenye maji ya mafuriko: usilipige stata tena na tena. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na kinachopinda ni vyuma vya injini.

Pingamizi linalosikika zaidi kwenye fungu la wasiozungusha ni hili: "Betri nzima, mbona taa zinawaka?" Taa haziwezi kutoa ushahidi huo. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinavuta kama ampea 9 tu, ilhali stata ya gari dogo la petroli huvuka ampea 100 bila shida. Sasa chukua terminali iliyoota ule unga mweupe au wa kijani, yenye ukinzani mdogo wa omu 0.02. Kwa taa inameza volti 0.18, jambo ambalo jicho halitagundua. Kwa stata inayotaka ampea 150 inameza volti 3 nzima, na stata inabaki na njaa. Bomba lililojaa kutu ndani litakujazia kikombe vizuri tu, lakini huwezi kulizimia moto. Ndiyo maana betri mpya iliyofungwa kwenye terminali chafu inaweza kushindwa sawasawa na ile ya zamani, na betri nzima ikatupwa bila kosa.

Kipimo chake ni rahisi. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Betri iliyopumzika usiku kucha na kujaa chaji husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Mtu apige stata huku unaitazama: ikiporomoka chini ya 9.5, betri imechoka au haina chaji. Kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri chenyewe na nyingine kwenye kibano kinachokishika, stata ipigwe tena. Hapo mita inapaswa kukaa karibu na sifuri. Ikipanda hadi nusu volti, mwizi amepatikana, na dawa yake ni brashi ya waya na spana. Rudia upande wa waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi na injini, ambao mafundi wengi huusahau. Sikio nalo linasaidia: ta-ta-ta-ta ya haraka kwa kawaida ni umeme pungufu, swichi ya stata inashika na kuachia, ilhali "ta" moja yenye nguvu kisha kimya inaelekeza zaidi kwenye stata yenyewe.

Wapo watakaosema: tuliboosti kwa betri ya gari jingine, likawaka, basi tatizo ni betri. Si lazima. Kuboosti kunathibitisha tu kwamba chaji ilikuwa pungufu. Nani aliimaliza ni kesi nyingine. Injini ikinguruma, pima tena kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5, altaneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, betri mpya nayo itakufa ndani ya siku chache. Nakubali kwamba kwa mji wa joto kama Mombasa au Dar es Salaam, anayetaja betri hupatia mara nyingi, kwani joto hufupisha sana maisha yake. Lakini kubahatisha kunakopatia hakukuzuii kupima, kazi isiyozidi dakika tano.

Fungu la pili, la injini inayozunguka bila kushika, ndilo linalowatia watu hofu ya kompyuta. Fungua swichi bila kupiga stata na utege sikio kwenye kiti cha nyuma: magari mengi ya injeksheni hutoa mlio wa pampu ya mafuta kwa sekunde mbili hivi. Kimya hapo kinakupeleka kwenye fyuzi na rilei kabla ya pampu. Tazama pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikimweka huku stata inazungusha, huenda gari halijautambua ufunguo wako. Mashine ya kusoma kompyuta inafaa sana, ila husomwa vibaya. Msimbo wa hitilafu P0335 huwafanya watu wakimbilie dukani kununua sensa ya krenki, wakati unachotaja ni saketi ya sensa hiyo. Kosa linaweza kuwa sensa, soketi iliyolegea, au waya uliotafunwa na panya.

Fundi mzoefu, utaambiwa, hahitaji mita. Uzoefu wake ni wa thamani, hasa katika kuchagua kipi kipimwe kwanza, lakini mfumo wa malipo unamsukuma kwingine. Wenye magari wengi hulipa bei ya betri bila kunung'unika kisha hugombania ada ya upimaji, kana kwamba kujua tatizo si kazi. Fundi naye hujifunza kuuza vifaa. Patana naye bei ya kupima peke yake, kabla spana haijashikwa, na umwombe akuonyeshe namba kwenye mita kabla ya kubadilisha kifaa na baada ya kukibadilisha.