Mtoto wa Mfanyakazi Naye Apate pa Kusemea Lake



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, kilo za majani, nyumba za kambi na viatu vya mpira. Mara hii tunaomba nafasi tuzungumze juu ya watoto wetu wadogo, wale wa miaka mitatu hadi sita ambao bado hawajaingia shule, na juu ya vitabu vya picha. Wako watakaosema kwamba hilo si jambo la chama. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha waamue wenyewe.

Sisi tunaozunguka matawi ya mashamba ya chai na miwa huku magharibi ya Uganda tumejifunza jambo moja kwa miaka mingi. Mfanyakazi asiye na mahali pa kusemea lake hatulii. Ananuna. Anachelewa kazini. Anapiga jembe kwenye jiwe mpaka mpini unavunjika. Mwishowe anamtukana nyapara na kupoteza kazi. Lakini tawi likifunguliwa, mtu yule yule akakaa mbele ya mwakilishi wake na kusema, "Nimekatwa siku mbili ambazo nilifanya kazi," hapo hasira yake imekuwa dai. Hasira tupu haina jibu, ila dai linaweza kujibiwa.

Mtoto mdogo naye yuko hivyo hivyo. Ana hasira, hofu, wivu na huzuni kama sisi, ila maneno ya kuvitaja hajayapata. Anajua kusema "maji" na "njaa." Hajui kusema, "Ninaona wivu kwa sababu mdogo wangu amechukua mgongo wa mama." Basi anang'ata wenzake. Anatupa sahani. Anaanza tena kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Nasi tumerudi jioni kutoka shambani, kiuno kinauma na kuni hazijapatikana, tunashika fimbo. Fimbo humnyamazisha mtoto, lakini lile lililomkera halijasemwa. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

VITABU VILIVYOTOKA KATIKA NYUMBA KAMA ZETU

Kitabu cha picha ni kitabu kidogo, mara nyingi cha kurasa 32, ambacho picha ndizo zinazobeba hadithi na maneno ni machache. Tutataja vitatu vilivyochapishwa Marekani. Hatuvitaji kwa kuwa ni vya nchi tajiri. Tunavitaja kwa sababu vinaonyesha vizuri jinsi kazi hii inavyofanyika, na kwa sababu wawili kati ya waliovitunga walizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wahamiaji, watu waliotoka kwao kutafuta riziki kama wengi wetu tulio mashambani.

Wa kwanza ni Maurice Sendak, aliyezaliwa New York mwaka 1928. Wazazi wake walitoka Poland, na baba yake alikuwa mshonaji wa nguo. Ndugu zao wengi waliobaki kule waliuawa na Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na msiba huo ulikuwa ndani ya nyumba mtoto alipokuwa akikua. Mwaka 1963 Sendak alitoa kitabu kiitwacho Where the Wild Things Are. Ni hadithi ya Max, mtoto mtundu anayevaa vazi la mbwa mwitu na kufanya fujo nyumbani. Mama anamkaripia, naye anamjibu kwa ukali, basi anapelekwa kulala bila chakula. Chumbani mwake unaota msitu. Anapanda mashua mpaka nchi ya madude yenye meno makubwa na makucha. Hayamli. Anayakazia macho mpaka yanatii, yanamfanya mfalme, wanacheza na kupiga kelele pamoja. Kisha anaona upweke, anatamani kuwa mahali ambapo yuko anayempenda, anarudi nyumbani. Chakula chake kimewekwa chumbani, na bado ni cha moto.

Walikuwapo wataalamu waliosema kwamba kitabu hicho kitawatisha watoto. Watoto wenyewe walikipenda, na mwaka 1964 kilipata tuzo ya Caldecott, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha nchini Marekani. Tukitazama tunaona sababu. Yale madude ni hasira ya mtoto mwenyewe, imechorwa ili aione kwa macho. Mtoto anajifunza kwamba hasira hata ikiwa kubwa namna gani inaweza kutawaliwa, na kwamba mama aliyekaripia asubuhi hajaacha kumpenda.

Wa pili ni Ezra Jack Keats, aliyezaliwa New York mwaka 1916. Wazazi wake pia walitoka Poland, na baba yake alikuwa mhudumu katika hoteli ya kahawa. Keats alikuwa Mzungu, lakini alichora watoto weusi wa mjini wakati ambapo vitabu vingi vya nchi ile viliwaacha nje. Katika kitabu chake cha mwaka 1967, Peter's Chair, mtoto mweusi aitwaye Peter amepata mdogo wa kike. Kila mara anaambiwa anyamaze, mtoto amelala. Kitanda chake cha utotoni kimepakwa rangi ya waridi kwa ajili ya mdogo wake, na kiti chake cha kulia nacho pia. Kimebaki kiti kimoja kidogo cha buluu. Peter anakinyakua na kutoka nje nacho pamoja na mbwa wake. Huko nje anajaribu kukikalia, hakimtoshi: amekua. Mwishowe anarudi, anamwambia baba yake wakipake rangi kwa ajili ya mdogo wake, na wanakipaka pamoja. Nani kati yetu hajaona wivu wa namna hii ndani ya chumba kimoja cha kambi chenye watoto wanne?

KITI CHA MAMA

Kitabu cha tatu tungependa kila tawi likifahamu. Kinaitwa A Chair for My Mother, nacho kilitungwa na kuchorwa na Vera B. Williams mwaka 1982. Msichana mdogo anaishi na mama yake na bibi yake. Mama ni mhudumu katika hoteli ya chakula, anasimama kutwa nzima, na jioni anarudi na miguu inamuuma. Nyumba yao ya zamani iliungua moto pamoja na kila kilichokuwamo. Siku waliyohamia nyumba mpya, jirani na jamaa walikuja, huyu na meza, huyu na kitanda, huyu na sufuria. Lakini hakuna kiti cha kupumzikia. Kwa hiyo wana chupa kubwa ya kioo. Mama anatia humo bakshishi zake. Bibi anatia akiba kila anapopata nyanya au ndizi kwa bei nzuri. Mtoto anatia nusu ya senti anazopewa hotelini kwa kumenya vitunguu na kusafisha vichupa vya chumvi. Chupa ikijaa wanakwenda benki, kisha wanazunguka maduka mpaka wanapata kochi lenye maua ya waridi. Mchana anakaa bibi. Jioni anakaa mama, mtoto mapajani.

Hapo tunaona kitabu kinachotaja mambo ambayo mtoto wa mfanyakazi huyaona kila siku lakini hayasikii yakisemwa: uchovu wa mama, hofu ya kupoteza nyumba, aibu ya kupokea vitu vya watu, na furaha ya kuwa na mchango wako, hata kama ni senti. Mtoto aliyeonyeshwa picha ya mama mwenye miguu inayouma anaweza kuuliza kwa mara ya kwanza, "Mama, na wewe inakuuma?" Anaelewa kwamba mama amenyamaza kwa kuchoka, wala hakumkasirikia yeye.

HAPA KWETU UGANDA

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika miaka ya 1990 UKIMWI uliwachukua wazazi wengi wa Uganda, na dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Kina mama waliokuwa wakiishi na virusi waliunda chama chao mwaka 1992, kiitwacho NACWOLA. Ndani ya chama hicho wazazi walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu. Mama alibandika picha kitabuni, akaandika mtoto alizaliwa wapi, nani alimpa jina, babu na bibi ni kina nani, na alipenda chakula gani alipokuwa mchanga. Shabaha ilikuwa mtoto asipoteze ukoo wake. Lakini kazi ile ilileta faida ya pili. Mzazi aliyeshindwa kutamka, "Mimi ni mgonjwa," alipata njia ya kuanza mazungumzo, na mtoto aliyeogopa kuuliza alipata ukurasa wa kuulizia. Kazi hii ilifanywa na kina mama wa kawaida, kwa kalamu na karatasi.

Nasi tumeona kwa macho yetu. Katika shamba moja la chai tulikwenda kukagua kituo cha kulelea watoto kabla ya mazungumzo na mwajiri. Kilikuwa banda la mabati, watoto zaidi ya arobaini, walezi wawili, hakuna hata mpira. Mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne alikuwa anang'ata wenzake tangu baba yake alipoondoka kutafuta kazi kwenye miwa, na walezi walikuwa wamezoea kumweka peke yake pembeni. Mlezi mmoja alikuwa na kitabu kilichopoteza jalada. Akamfungulia picha ya mbwa aliyekaa mlangoni peke yake mvua ikinyesha, akamwuliza, "Huyu ana nini?" Mtoto akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Anamngoja baba yake. Baba yake alikasirika."

Kumbe mtoto yule aliamini kwamba baba aliondoka kwa sababu yeye alivunja kikombe. Miezi mitatu alibeba mzigo huo bila mtu kujua. Jioni mlezi alimweleza mama, na mama akamweleza mtoto kwamba baba amefuata kazi, akamhesabia kwa vidole miezi iliyobaki. Kung'ata hakukwisha siku ile, lakini kulipungua. Na kila asubuhi aliomba kile kitabu chenye mbwa.

NAMNA YA KUKITUMIA KITABU

Asiyejua kusoma asirudi nyuma. Picha husomwa na kila mtu, na hadithi isimuliwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kirutooro, Kirukiga, Kinyarwanda au Kiswahili. Mambo ya kushika ni machache.

Kwanza, usimwulize mtoto, "Wewe una nini?" Uliza juu ya picha: "Huyu ana nini? Kwa nini amejificha?" Mtoto husema ya mbwa au ya Max yale asiyothubutu kusema ya kwake.

Pili, ngoja. Mtoto akinyamaza, usimjazie jibu.

Tatu, taja jambo kwa jina lake: amekasirika, anaogopa, ana wivu. Usiseme hasira ni dhambi. Mwambie kwamba kukasirika si kosa, kung'ata ndilo kosa.

Nne, akitaka kitabu kile kile mara kumi, msomee mara kumi. Bado ana kazi nacho.

Kama kitabu hakuna, kitengenezwe. Kunja karatasi za daftari, zishone katikati kwa uzi, chora nyuso: wa kucheka, wa kulia, wa kununa. Mwache mtoto achore wake. Tena, tangu mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini limekuwa likitoa bure hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiganda zikiwamo, katika mpango uitwao African Storybook. Kijana yeyote wa tawi mwenye simu yenye intaneti anaweza kuzipata, na inaruhusiwa kuzichapa na kuzitafsiri.

Tuseme kweli pia: kitabu hakimshibishi mtoto mwenye njaa, wala hakimrudishi baba. Na mtoto akionyesha kwa picha kwamba kuna mtu mzima anayemdhuru, hapo kazi ya kitabu imekwisha. Ni wajibu wetu kuchukua hatua mara moja, hata kama mtu huyo ni nyapara au ni mwenzetu.

DAI LETU

Malezi ya watoto wa wafanyakazi si fadhili ya mwajiri. Mkataba Na. 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye wajibu wa familia, na unataka huduma za malezi ya watoto ziendelezwe. India, nchi kubwa ya chai, ilitunga sheria ya mashamba mwaka 1951 iliyotaka vituo vya watoto pale wanapofanya kazi wanawake wengi. Basi tunapokaa mezani na mwajiri kudai kituo, tusidai paa na uji peke yake. Tudai mlezi aliyefunzwa, na sanduku la vitabu vya picha lenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mlezi, usikae ofisini. Bei yake ni ndogo mno kuliko vitu vingi tunavyobishania, na hakuna mwajiri anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba sanduku moja la vitabu litafilisi shamba.

Mkutano ujao wa tawi, mwenyekiti akifika kwenye "mengineyo," mwanachama mmoja asimame aulize: "Kituo chetu cha watoto kina vitabu vingapi?" Na katibu aliandike jibu hilo katika kumbukumbu za mkutano, hata kama jibu ni sifuri.