Bayi Aliongoza Tangu Bastola Ilipolia

Kijana anayekimbia kwenye vilima vya Ibighi, hapa Tukuyu, huonywa na kila anayemwona: usianze kwa kasi, utaishiwa pumzi. Ni ushauri mzuri. Hata hivyo, rekodi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika riadha ya Tanzania iliwekwa na mtu aliyefanya kinyume chake.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu mwenye miaka 20, alichomoka bastola ilipolia. Hakuwa na “sungura” wa kumvutia kasi kama wanavyowekewa wakimbiaji wengi wa siku hizi. Mita 400 za kwanza alizimaliza chini ya sekunde 55, na 800 kwa karibu dakika 1 na sekunde 52. John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya walikuwa nyuma, wakingoja achoke. Akamaliza kwa 3:32.16, akaifuta rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Walker naye aliipita rekodi hiyo kwa 3:32.52, na bado akaambulia medali ya fedha.

Ukiugawa muda wa Bayi, kila mita 400 zinapata wastani wa sekunde 56.6. Maana yake mzunguko wa kwanza alitumia nguvu ambazo angezihitaji mwishoni, misuli inapotaka oksijeni nyingi kuliko moyo na mapafu vinavyoweza kuipelekea, na miguu inakuwa mizito. Tena alikwenda zaidi ya kilomita 25 kwa saa, mwendo wa baiskeli inayoteremka mlima. Kwa kasi hiyo hewa ni mzigo. Wa mbele huipasua, wa nyuma hupumzika kidogo.

Kwa nini basi akubali gharama hiyo? Naona jibu liko kwenye pengo kati yake na waliomfuata. Walker alikuwa hatari sana akifika mita 200 za mwisho akiwa bega kwa bega na mwenzake. Bayi alimlazimisha kuitumia kasi yake ya mwisho mapema, katika kumfukuza tu.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, akavunja pia rekodi ya maili kwa 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaishusha hadi 3:49.4. Dunia nzima ikasubiri wakutane Montreal 1976, lakini Tanzania ilisusia Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Uamuzi ulikuwa wa haki, na Bayi aliulipia kwa miaka yake bora. Moscow 1980, kwenye mita 3,000 za viunzi na maji, aliongoza vilevile. Bronisław Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho. Bayi akarudi na fedha.

Walimu wa michezo wa Ibighi, mwinuko tunao kama Karatu, na vilima vya mazoezi havituishi. Hivyo peke yake havitoshi. Tafuteni saa ya kupimia mbio, mpimeni mtoto kila mzunguko, muandike daftarini, mmfundishe kuijua kasi yake mwenyewe kabla ya kumkataza kuongoza.