Ndimu Katika Sahani ya Maharage

Wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ni nchi ya maharage. Chakula cha kaya nyingi ni ugali wa mahindi au wa muhogo pamoja na maharage. Nyama haipatikani kila siku. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban miligramu 5 hadi 8 za madini ya chuma, kiasi ambacho si haba. Hata hivyo, mtu aweza kula maharage kila siku na bado akapungukiwa damu. Maelezo ya jambo hili yamo katika kemia, na sehemu ya tiba yake imo katika ndimu na chungwa.

Chuma ni kiini cha hemoglobini, yaani protini ya chembechembe nyekundu za damu ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Chuma kikipungua, mwanafunzi huchoka upesi na kushindwa kumakinika darasani. Mama mjamzito naye huwa hatarini zaidi iwapo atatokwa na damu wakati wa kujifungua.

Sehemu ya chuma cha nyama na samaki imefungwa ndani ya hemu, nayo hufyonzwa kwa urahisi. Chuma cha mimea huwa zaidi katika hali ya feriki (Fe³⁺), ilhali utumbo mwembamba hupokea hali ya feri (Fe²⁺). Zaidi ya hayo, fitati zilizomo katika maharage na mahindi hukikamata chuma hicho, na tanini za chai hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, mara nyingi chini ya asilimia 10 tu ya chuma cha mlo wa namna hii huingia katika damu.

Hapa ndipo vitamini C, yaani asidi askobiki, inapofanya kazi mbili. Kwanza, hutoa elektroni na kuigeuza feriki kuwa feri. Pili, hushikamana na chuma na kukifanya kibaki kimeyeyuka kinapotoka katika tindikali ya tumbo kuingia utumboni. Miligramu 50 hivi za vitamini C, kiasi kinachopatikana katika chungwa moja, zaweza kuongeza ufyonzaji wa chuma cha mimea mara mbili au zaidi. Lakini sharti tunda liliwe pamoja na mlo wenyewe, na ndimu ikamuliwe baada ya chungu kuipuliwa, kwani joto huiharibu vitamini hii. Chai nayo yafaa isubiri saa moja au zaidi baada ya kula.

Nguvu ya matunda haya ilipimwa zamani. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ndiyo iliyopona upesi. Kemikali yenyewe ilitengwa mwaka 1928 na Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 kiseyeye kilizuka tena katika kambi za wakimbizi za Somalia, Ethiopia na Sudan, ambako watu waliishi kwa mgao wa chakula kikavu. Somo hilo lazihusu Kasulu na Kibondo, wilaya ambazo zimepokea wakimbizi wengi tangu miaka ya 1990.

Jamii ya michungwa ina kemikali nyingine pia: hesperidini ya chungwa, na naringini inayolipa balungi uchungu wake. Katika maabara kemikali hizi huonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe, lakini ushahidi kwa binadamu hautoshi kuziita dawa. Aidha, balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu, hata dawa hizo zikazidi mwilini. Anayezitumia amwulize mganga kwanza.

Shule yaweza kuipima vitamini C bila vifaa vya gharama. Koroga unga wa muhogo kidogo katika maji, uchemshe, upoze. Kisha tia matone machache ya iodini hadi maji yawe ya buluu iliyokoza. Dondosha maji ya ndimu mbichi, ukihesabu matone mpaka rangi itoweke. Rudia kwa maji ya ndimu yaliyochemshwa nusu saa, yakapozwa na kurudishiwa maji yaliyopungua. Matone yakihitajika mengi zaidi, vitamini imepungua. Linganisha pia na pera, ambalo kwa kawaida lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Ndimu haiui vimelea vya malaria wala minyoo ya safura, ambavyo pia hupunguza damu. Mgonjwa apelekwe zahanati. Lakini kwa mlaji wa maharage, kipande cha ndimu mezani huamua ni kiasi gani cha chuma alichokilima mwenyewe kitafika katika damu yake.