Homa si malaria kila mara

Mzazi wa Ruangwa au Nachingwea, mwanao akichemka mwili, wazo la kwanza ni malaria. Mpeleke akapimwe. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, usirudi nyumbani kabla hujamweleza daktari mtoto alikuwa wapi wiki mbili zilizopita: shambani, bwawani au mtoni.

Nakumbusha ya Julai 2022. Kituo cha afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kilipokea wagonjwa wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Hofu ilikuwa kubwa. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 vilionyesha hawana, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni Homa ya Mgunda, yaani homa ya shamba. Kitaalamu ni leptospirosisi. Wagonjwa walifika 20, watatu wakafariki.

Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya, wanyama wa porini, hata ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa, bila mnyama kuonekana anaumwa. Hutoka kwa mkojo, wakaishi wiki kadhaa kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Humwingia mtu kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Maambukizi ya mtu kwa mtu ni nadra sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga jirani aliyeugua.

Dalili huanza mara nyingi siku 5 hadi 14 baadaye: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, na misuli kuuma, hasa nyuma ya mguu chini ya goti. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua au damu ikitoka, ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ugonjwa huu unatibika kwa antibaotiki za kawaida kama penisilini na doksisaiklini, ukiwahi. Tafadhali usijinunulie dukani. Si kila dawa inamfaa mjamzito au mtoto mdogo.

Funika ndoo na mtungi. Ndege nao huacha kinyesi chenye salmonela kwenye maji yaliyo wazi, kwa hiyo kifuniko kinazuia mengi. Chemsha maji ya kisima na bwawa. Vaa buti unapoingia kwenye majaruba, funga kidonda, na hifadhi mahindi mahali ambapo panya hawafiki. Chakula alichotafuna panya, mama, kitupe tu, hata kama roho inauma.