Je, Wajua? Roboti Kipofu Adundisha Mpira

Chuoni ETH Zürich, Uswisi, kuna roboti iliyodundisha mpira bila kamera wala kihisi cha kuuona. Siri ni sahani yake. Imebonyea kidogo katikati, na hukutana na mpira ikiwa tayari inapunguza mwendo. Mpira ukienda kombo, hujirudi wenyewe!

Droni za chuo hichohicho zimewahi kurushiana mpira. Hizo zilisaidiwa macho: kamera hufuata mpira, kompyuta hukokotoa utakapoangukia, droni inawahi.

Na droni Mwanza, Tanzania, je? Mwaka 2018, droni ya kampuni za DHL na Wingcopter ilivusha dawa kutoka huko hadi kisiwa cha Ukerewe. Ilipaa wima kama helikopta, mapangaboi yakainama mbele, ikakata mawingu kama ndege. Kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, wastani wa dakika 40. Kwa barabara na kivuko? Saa sita.