Janti iliyogonga bordire: kuitengeneza ao kununua ingine?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wenye kubaki nyumbani na watoto: wengi wanatuuliza sababu gani kese ya sendika imepunguka mwezi huu. Jibu ni janti moja ya gari. Tunaeleza, juu feza ni yenu.

Gari yetu munaijua. Inatoa wagonjwa karyere upande wa Bafwasende, zaidi ya kilometa 250, mpaka Kisangani, na kurudisha chakula. Usiku mumoja wa mvua, hapa Makiso, shofere alikwepa toleka isiyo na taa, gurudumu la mbele likagonga bordire ya barabara. Mupira haukupasuka, tukaendelea. Asubuhi volani ilikuwa inatetemeka. Kwado akajaza upepo. Kesho yake ulikuwa umepunguka tena.

Tukakaa pa garaji. Mwenye kuchunga kese akasema: «Tusudee tu. Feza iko kidogo.» Hakukosea: kusudea kulikuwa kama robo ya bei ya janti ya okazyo. Shofere akajibu: «Muniambie basi nani atakaa juu ya hiyo gurudumu.»

Kwado akatuomba tuache maneno kwanza. Akasafisha janti nje na ndani, akapaka maji ya sabuni. Ndani, pale macho hayafiki, mapovu yakatoka kwa alama nyembamba kama unywele. Ilikuwa ufa.

Hapo tulijifunza kutofautisha. Janti ikikwaruzwa tu, piga msasa na rangi, endelea na safari. Janti ya chuma ikipinda kidogo pa mdomo, fundi mzuri anaweza kuinyoosha. Kisha aizungushe muone kama ingali inayumba. Lakini janti yetu ni ya aliminiyumu. Hiyo nguvu yake inatoka kiwandani, kwa namna ilivyopashwa moto na kupozwa. Moto wa kusudea unaipunguza pale pale karibu na ufa. Kwa macho inaonekana nzima, na kwa shimo la barabara inaweza kupasuka tena, gari ikiwa na watu. Na mupira pia: ukivimba ubavuni kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika. Hauna dawa.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ni kweli. Sisi wa shimo tunajua kingine: mti wenye kushikilia udongo ukipasuka, hatuufungi kamba, tunaweka mwingine. Tukanunua janti.

Ukinunua okazyo, peleka ya zamani mukononi. Linganisha hesabu ya matundu ya bulo na nafasi kati yao, tundu la katikati, upana, urefu, na namna inavyoingia ndani. Paka sabuni hiyo pia, juu inaweza kuwa na ufa wake. Kaza bulo kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na uzikaze tena kisha kama kilometa 50. Na kama volani ingali inavuta upande mumoja, janti haikuumia peke yake: fundi aangalie na vyuma vya volani.

Janti ya zamani tuliikata vipande viwili, mtu asiiokote na kuisudea. Vipande na karatasi ya muuzaji viko pa biro ya sendika. Kila mwenye kutoa mchango aje aone.