Mhubiri, Panya na Hewa Iliyozidi

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za mhubiri mmoja wa Uingereza, Joseph Priestley. Mwaka 1774 alichukua unga mwekundu wa zebaki, akauelekezea miale ya jua kwa kioo cha kukuza mpaka ukatoa hewa. Akautia mshumaa ndani ya hewa ile, ukawaka kwa mwali mkali ajabu. Baadaye akamfungia panya humo. Alijua kwamba katika hewa ya kawaida panya angedumu kama robo saa. Huyu alidumu nusu saa, akatolewa amezimia, na alipopashwa joto la moto akazinduka.

Mhubiri akaingiwa na hamu, akaivuta mwenyewe. Kifua, alisema, kilikuwa chepesi kwa muda. Hata hivyo alionya: kama mshumaa unavyoteketea upesi katika hewa hii, huenda nasi tukaisha upesi vilevile. Hewa hiyo ndiyo oksijeni.

Sasa tuingie kifuani mwa kijana mzima wa miaka 20. Hewa anayovuta ina oksijeni asilimia 21; iliyobaki karibu yote ni nitrojeni. Oksijeni hupenya kwenye vifuko vidogo vya mapafu, ikaingia damuni na kupakiwa na himoglobini. Fikirieni himoglobini ni mashua yenye nafasi nne za abiria. Kwa kijana mwenye afya, nafasi kama 97 katika kila 100 zimeshajaa. Akivalishwa barakoa akavuta oksijeni tupu, hao abiria wa ziada watapanda wapi? Wachache watajaza nafasi zilizobaki, na kiasi kidogo kitayeyuka katika majimaji ya damu. Basi.

Mwili nao hujihami. Mishipa ya damu hujibana, na moyo hupunguza mwendo kidogo. Akiendelea hivyo mchana kutwa na usiku kucha, kifua huanza kumuuma katikati, kisha kikohozi kikavu kikamwandama, kwa maana oksijeni iliyozidi hujeruhi utando mwororo wa mapafu. Na ile nitrojeni inayoonekana haina kazi, kumbe husaidia vifuko vibaki wazi. Ikiondoka, oksijeni hufyonzwa yote, na baadhi ya vifuko vikanywea.

Baharini hatari huja upesi zaidi. Mzamiaji akibanwa na uzito wa maji, oksijeni tupu inaweza kumletea degedege. Mfaransa Paul Bert aliieleza hatari hiyo mwaka 1878, na hadi leo wazamiaji huonywa wasiivute ikiwa tupu chini ya mita 6.

Je, mtungi wa oksijeni ni adui? Hasha! Mgonjwa wa nimonia kali mashua zake husafiri na nafasi tupu. Aliyelala na jiko la mkaa chumbani, gesi ya sumu imekalia nafasi za oksijeni. Kwa hao mtungi ni uhai, na kwa yule wa nimonia mhudumu wa afya hubana kifaa kidoleni, akasoma kiwango, ndipo akaamua apewe kiasi gani.

Oksijeni ya mtungi ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake. Mkiwa wazima, hewa ya kawaida inawatosha kabisa. Asije mtu akawauzia mtungi kwa kuwaahidi nguvu. Mwachieni mgonjwa anayeuhitaji.